Jina Moja, Maana Mbili: Joto la Ardhi na Nyumba ya Kimuka

Utangulizi

Kimuka ni eneo la Kaunti ya Kajiado lililo nyuma ya Vilima vya Ngong kwa mtu atokaye Nairobi. Kilele cha vilima hivyo hufikia takriban mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na upepo uvumao huko ndio uzungushao mitambo ya umeme iliyoanza kusimikwa mwaka 1993. Upepo huohuo ndio uwafanyao wakaazi wa Kimuka wajifunike mablanketi mawili mwezi Julai, ilhali mchana wa Februari mabati ya nyumba zao huwatoa jasho.

Makala haya yamechochewa na swali la mjomba wa mwandishi, ambaye anajenga nyumba huko. Kipupwe kilichopita, wajukuu wake wawili waliamka na vichwa vizito na kichefuchefu baada ya kulala katika chumba kilichowekwa jiko la makaa. Kwa bahati mlango ulifunguliwa mapema. Makaa yawakapo mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu kwa nguvu kuliko oksijeni na kumuua mtu usingizini. Tangu siku hiyo mzee ameapa kwamba jiko halitalala tena na watoto. Aliposikia kuwa ughaibuni kuna nyumba zipashwazo kwa jotoardhi, aliuliza: "Mpwa wangu, wewe ndiwe msomi wa maneno. Hilo jotoardhi, nichimbe hadi Olkaria?"

Swali hilo linachekesha, lakini si la kipuuzi. Lugha ndiyo iliyompotosha mzee, kwa kuwa neno moja limebebeshwa mambo mawili yaliyo mbalimbali. Lengo la makala haya ni kuyatenganisha mambo hayo, kueleza jinsi mtambo wenyewe unavyofanya kazi, na kupima kama unaifaa nyumba ya Kimuka.

Jotoardhi la Kina

Mkenya asikiapo neno jotoardhi hufikiria Olkaria, karibu na Naivasha. Huko mtambo wa kwanza wa umeme ulianza kazi mwaka 1981, na leo jotoardhi huzalisha takriban asilimia 40 ya umeme wa nchi. Katika Bonde la Ufa gamba la dunia limekuwa jembamba, na mawe ya moto yamepanda karibu na uso wa ardhi. Visima hushuka kilomita moja hadi tatu na kukuta maji na mvuke wenye joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi.

Joto hilo halizalishi umeme tu. Mwaka 2003 shamba la maua la Oserian lilianza kulitumia kupasha vitalu vya waridi. Huko Eburru, walowezi walijenga kikaushio cha pareto kilichotumia mvuke wa ardhini tangu enzi ya ukoloni, na wakaazi wa huko hukinga mvuke huo ukageuka maji ya kunywa. Kajiado nayo ina chemchemi za maji moto za Magadi. Hata hivyo, utajiri huu una mahali pake. Mwenye ploti Kimuka au Kitengela hawezi kuuagiza uje kwake.

Joto la Ardhi ya Juu

Jambo la pili ni la kawaida zaidi, nalo lipo chini ya kila nyumba. Jua huipasha ardhi mchana na usiku huipoza, lakini mabadiliko hayo hayafiki mbali. Ukichimba mita moja hivi, tofauti ya usiku na mchana hutoweka. Ukishuka hadi mita kumi, hata tofauti ya misimu karibu inakwisha, na udongo hubaki na joto lililo karibu na wastani wa joto la mwaka mzima wa mahali hapo. Kwa hiyo usiku wa Julai ardhi ya chini ina joto kuliko hewa, na mchana wa Februari ina ubaridi kuliko hewa. Hapa hapahitajiki volkano wala mvuke. Ardhi ni kama ghala, na mwenye kuijaza ni jua.

Wazee wetu waliifahamu kanuni iliyo jirani na hii. Kuta nene za mawe ya matumbawe katika nyumba za Lamu huchelewesha joto la mchana lisiingie ndani. Enkaji, nyumba ya Wamaasai ijengwayo na wanawake kwa fito, udongo na samadi, ina dari la chini na matundu madogo ili joto lisitoroke. Kasoro yake ni moshi, ambao huyadhuru macho na mapafu ya waliomo.

Jinsi Mtambo Unavyofanya Kazi

Udongo wenye nyuzi 18, kwa mfano, hauwezi peke yake kukipasha chumba hadi nyuzi 22, kwa maana joto kwa tabia yake hutoka penye moto kwenda penye baridi. Ili liende kinyume lazima lisukumwe. Mwanafizikia William Thomson, aliyejulikana baadaye kwa cheo cha Lord Kelvin, alilieleza wazo la mashine ya namna hiyo mwaka 1852. Mwaka 1912 Mswisi Heinrich Zoelly alipata hataza ya kutumia ardhi kama chanzo cha joto hilo.

Kila mwenye jokofu anayo mashine hii nyumbani. Jokofu halitengenezi baridi, bali huchota joto la vyakula na kulitupa nje. Ndiyo maana mgongo wake huwa na vuguvugu. Mtambo wa nyumba hufanya vivyo hivyo. Mabomba ya plastiki hufukiwa katika mitaro ya kina cha mita moja na nusu au mbili, au hushushwa katika visima vya makumi ya mita. Maji huzunguka ndani yake yakikusanya joto la udongo. Joto hilo hukichemsha kiowevu maalumu ambacho hugeuka mvuke hata kwenye baridi. Kompresa huubana mvuke huo hadi ukapata moto zaidi, nao huliachia chumba joto lake, hurudi kuwa kiowevu, hupita kwenye vali ya kuupunguzia mkazo na kuanza safari upya. Wakati wa hari mzunguko hugeuzwa, na joto la chumba hupelekwa ardhini.

Faida yake ni kwamba umeme hautumiki kuzalisha joto bali kulihamisha tu. Uniti moja ya umeme huweza kuleta uniti tatu au nne za joto.

Je, Unaifaa Kimuka?

Hapa ndipo hesabu inapostahili kutangulia shauku. Tuseme hita ya umeme ya kilowati mbili huwashwa saa nne kila usiku. Hiyo hula uniti nane. Mtambo wenye uwiano wa nne ungekula uniti mbili, na kuokoa sita. Kwa kipupwe cha siku 90, uniti zinazookolewa ni 540. Akiba hiyo ni ndogo mno kulipia mitaro, mabomba na mashine yenyewe, sembuse kisima katika miamba ya volkano. Isitoshe, udongo mkavu hupitisha joto kwa shida, na ule mweusi wa nyanda za Kitengela hupasuka wakati wa kiangazi na kuyaachia mabomba nafasi ya hewa.

Nchi kama Uswidi huvuna faida kubwa kwa sababu baridi yao ni ndefu na kali. Kwetu, mtambo huu ungefaa zaidi panapohitajika joto na baridi kila siku. Mfano ni kituo cha kukusanyia maziwa, ambapo joto linalotolewa kwenye maziwa lingechemshia maji ya kuoshea vyombo. Mwenye nyumba ya kawaida na aanze na dari chini ya mabati, kuta nzito, madirisha yasiyopenyeza upepo, na jiko lenye bomba la kutolea moshi.

Suala la Istilahi

Wanafunzi wa Kiswahili tunaingiaje hapa? Tatizo la kwanza ni jotoardhi kutumiwa kwa mambo yote mawili. Tunapendekeza neno hilo libaki na maana yake iliyozoeleka ya joto la kina, na lile la karibu liitwe joto la ardhi ya juu. Tatizo la pili ni pampu ya joto, istilahi inayomfanya msikilizaji adhani kuwa kazi yake ni kutia joto tu. Ukimwambia kwamba hupoza pia, atakuona umejikanganya. Lugha yetu ina kipimajoto na kipazasauti. Kwa mkondo huohuo tunaweza kuwa na kihamishajoto, neno ambalo hujieleza lenyewe na halibagui kipupwe wala kiangazi.

Hitimisho

Istilahi si pambo la kamusi. Mzee aliyeambiwa jotoardhi angeweza ama kukata tamaa kwa kudhani ni mambo ya Olkaria, ama kuuziwa mtambo asiouhitaji kwa jina la Olkaria. Alipoelezwa tofauti alinyamaza kidogo, akasema, "Basi nitaanza na dari." Jiko la makaa limeshatolewa chumbani. Hilo ndilo lililokuwa la haraka, na lilihitaji maneno yaliyo wazi kabla ya mashine yoyote.