Ngũgĩ wa Thiong'o: Yapi Kweli, Yapi Porojo

Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki nchini Marekani Mei 28, 2025, akiwa na umri wa miaka 87. Binti yake Wanjikũ ndiye aliyetangaza, na muda si muda watu wakaanza kuchomoa nakala zao za sekondari za vitabu vyake, zile zilizochanika jalada na zenye majina ya wanafunzi watatu waliotangulia kuzimiliki. Rais Ruto akatuma rambirambi. Hadithi nazo zikaanza safari.

Wewe msomaji umezisikia. Pengine ulizipokea kwa simu asubuhi ukazisambaza kabla chai haijapoa. Hakuna neno, msiba una chumvi yake. Ila wapenzi wa mwandishi muasi tuna tabia moja: tukimlilia, tunawafuta watu wote waliokuwa naye, abaki peke yake akipigana na dola. Basi tuzipime hadithi zenyewe.

"Aliandika riwaya nzima kwenye karatasi za chooni."

Kweli. Inaonekana ya kutungwa kuliko zote, kumbe ndiyo yenye mizizi. Akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978, namba yake K6,77, Ngũgĩ aliandika kwa Kikuyu *Caitaani Mũtharabainĩ*, riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata baadaye kwa jina la *Shetani Msalabani*. Aliiandika kwenye karatasi za chooni walizogawiwa wafungwa. Zilikuwa ngumu na zenye kukwaruza, na mwenyewe alitania kwamba kilichokuwa adhabu kwa mwili kilikuwa neema kwa kalamu. Askari walizinyakua katika msako, na baada ya wiki chache mkubwa wao akazirudisha.

"Alifungwa kwa sababu ya riwaya ya *Petals of Blood*."

Si kweli, na hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wengi hufutwa.

*Petals of Blood* ilitoka mwaka 1977. Ni riwaya kali, inawataja matajiri wapya wa Kenya bila kuuma maneno. Lakini aliyeizindua jijini Nairobi Julai mwaka huo alikuwa Mwai Kibaki, waziri wa fedha. Serikali iliyokuwa ikishambuliwa ndani ya kitabu ilimtuma waziri wake kukipigia makofi! Kitabu kilikuwa kwa Kiingereza, na wakulima wa Limuru hawangekisoma.

Kilichowasha moto ni tamthilia. Katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, alikozaliwa, Ngũgĩ na mwenzake Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika *Ngaahika Ndeenda*, ambayo kwa Kiswahili ni *Nitaolewa Nikipenda*. Ndiyo, akina Ngũgĩ walikuwa wawili, na huyu wa pili amesahauliwa kiasi kwamba baadhi ya rambirambi zilimpa marehemu kazi yote. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alikimbilia Zimbabwe mwaka 1982 na akafia huko mwaka 2008. Mwelekezi wa mchezo alikuwa Kimani Gecau. Wanakijiji, wakiwemo wachuma chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, walijenga wenyewe jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu wapatao elfu mbili. Wazee walisikiliza mazoezi na kuwasahihisha wasomi wa chuo kikuu: hapana, mzee hasemi hivyo, wimbo huo hauimbwi hivyo. Hadi onyesho la kwanza, Oktoba 2, 1977, mswada ulikuwa umepitia midomo mingi kuliko ile miwili ya waandishi.

Wiki sita zilipita huku watu wakimiminika. Novemba 16 leseni ikafutwa. Siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ alikuwa ameshachukuliwa nyumbani kwake. Hakushtakiwa kwa kosa lolote, hakufikishwa mahakamani, kwa hiyo hakuna hukumu ya kusoma sababu. Lakini tazama mfuatano: kitabu cha Kiingereza kilizinduliwa na waziri, mchezo wa Kikuyu ulifungwa na polisi. Na ukitaka kujua dola ilimwogopa nani, kumbuka kwamba Machi 1982 polisi hawakwenda kuchoma vitabu. Walikwenda Kamĩrĩĩthũ kulibomoa jukwaa la wanakijiji.

"Moi ndiye aliyemfunga."

Nusu kweli. Ngũgĩ alizuiliwa chini ya Rais Jomo Kenyatta. Ila hati ya kumzuia ilihitaji sahihi ya waziri wa mambo ya ndani, ambaye pia alikuwa makamu wa rais, na jina lake ni Daniel arap Moi. Kenyatta alifariki Agosti 1978, Moi akapanda, na Desemba 12 mwaka huohuo akawaachilia wafungwa wa kisiasa, Ngũgĩ akiwemo. Mkono uliofunga ndio uliofungua. Chuo Kikuu cha Nairobi, hata hivyo, hakikumrudisha kazini.

"Serikali ilitoa amri ya kumkamata Matigari, mhusika wa riwaya."

Sehemu moja ni kweli tupu, nyingine iko kwa shahidi mmoja. Riwaya ya *Matigari ma Njirũũngi* ilitoka mwaka 1986. Mwaka uliofuata nakala zake zilikusanywa madukani na polisi. Hilo halina ubishi. Kisa kitamu, kwamba mashushushu waliripoti kuna mtu aitwaye Matigari anazunguka vijijini akiulizia ukweli na haki, na kwamba amri ya kumtia nguvuni ilitolewa kabla ya kugundua anaishi kitabuni, tumekipata kwa Ngũgĩ mwenyewe. Hakuwa nchini wakati huo. Alikuwa uhamishoni tangu 1982. Mimi kisa nakiamini, kwa kuwa kinafanana mno na Kenya ya miaka hiyo. Lakini kufanana si ushahidi, na shahidi wetu alikuwa fundi wa kutunga.

"Alilikataa jina la James tangu ujana wake."

Si kweli. Chukua toleo la zamani la *Weep Not, Child* la mwaka 1964 au *The River Between* la 1965: jaladani ameandikwa James Ngugi. Alikuwa ameshamaliza Makerere, ameshafika Leeds, ameshakuwa jina kubwa, bado ni James.

Mageuzi yanahusishwa na mkutano wa Kanisa la Presbyterian jijini Nairobi, Machi 1970. Ngũgĩ alialikwa kuzungumza, akaanza kwa kujigamba kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Mzee mmoja akainuka na mkongojo wake, akamkemea: Mkristo wewe, jina lako James latoka wapi? Mwandishi mwenye digrii alikuwa amebanwa na mtu wa bakora. Badala ya kubisha alikwenda kufikiri, na baada ya muda James akatoweka kwenye majalada. Mzee alitaka kumrudisha kundini, akapata kinyume chake. Hoja yake, hata hivyo, ilikuwa sahihi, na msomi alikuwa na akili ya kuitambua.

"Tangu 1986 hakuandika tena Kiingereza."

Si kweli jinsi inavyosemwa. Katika *Decolonising the Mind*, kitabu cha mwaka 1986, alikiaga Kiingereza. Kwa riwaya na tamthilia, neno lake alilitimiza: *Matigari*, *Mũrogi wa Kagogo* na *Kenda Mũiyũru* zote zilizaliwa kwa Kikuyu, kisha zikatafsiriwa, *Matigari* na Wangũi wa Goro, nyingine na yeye mwenyewe. Lakini kumbukumbu zake za maisha, zilizotoka 2010, 2012 na 2016, aliziandika kwa Kiingereza. Vivyo hivyo na vitabu kadhaa vya insha. Anayekuambia kwamba hakugusa tena kalamu ya mkoloni anamtetea kwa jambo ambalo mwenyewe hakulifanya. "Mwacha asili ni mtumwa," walisema wahenga, na katika hilo walimtangulia Ngũgĩ kwa miaka mingi. Hawakusema uikate na miguu iliyokufikisha ugenini.

"Riwaya ya Kikuyu haina wasomaji."

Porojo. *Caitaani Mũtharabainĩ* ilichapwa nakala elfu tano mwaka 1980, zikaisha mwezi wa kwanza, ikabidi ichapwe tena na tena kabla ya mwaka kwisha. Na nakala hazisemi yote. Watu walisomeana kwa sauti nyumbani, kwenye matatu, kazini wakati wa mapumziko. Katika mabaa walizuka wasomaji stadi ambao wakifika mahali patamu huweka kitabu chini na kutazama bilauri tupu, mpaka msikilizaji mmoja aagize nyingine.

"Alikuwa mkabila, Kiswahili hakukitaka."

Si kweli kabisa, na hii inaniudhi kidogo. Siku ile alipokiaga Kiingereza alitaja lugha mbili za kuendelea nazo: Kikuyu na Kiswahili. Baadaye alitoa hoja kwamba dunia ikihitaji lugha moja ya wote, Kiswahili kinafaa kuliko Kiingereza, kwa kuwa hakikufika kwa watu kwa kuua lugha zao. Alipokumbuka mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere mwaka 1962, ambako yeye, mwanafunzi mwenye hadithi chache, alialikwa kwa kuwa aliandika Kiingereza, alilalamika kwamba Shaaban Robert, aliyekuwa mshairi mkubwa wa Afrika Mashariki, hakuwa na kiti. Shaaban Robert alifariki mwaka huohuo. Ni kweli kwamba Ngũgĩ hakutuachia riwaya iliyozaliwa kwa Kiswahili, na tuna haki ya kusikitika. Tafsiri, hata hivyo, zipo tangu zamani: *Mtawa Mweusi*, *Njia Panda*, *Mzalendo Kimathi*. Jaribu kuzipata dukani leo, kisha tuambiane nani hakitaki Kiswahili.

"Yale ya mke wake yalizushwa na maadui baada ya kifo."

Si kweli. Machi 2024, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya msiba, mwanawe Mũkoma wa Ngũgĩ, naye mwandishi na profesa, aliandika hadharani kwamba baba yake alikuwa akimpiga mama yake, Nyambura. Maneno yametoka kwa mtoto wao, na yalitoka baba akiwa hai. Desturi ya kutomsema vibaya marehemu ina busara yake kwenye matanga, familia ikiwa imeketi chini. Lakini Nyambura naye ni marehemu. Heshima ya wafu ni yao wote wawili, na mpenzi wa vitabu vya Ngũgĩ, vyenye wanawake shupavu kama Warĩĩnga na Wanja, ana sababu zaidi ya kumsikiliza.

"Alishinda Nobel." Au ile nyingine: "Safari hii watampa."

Si kweli zote mbili. Kila Oktoba jina lake lilitajwa, na mwaka 2010 lilitajwa kwa kishindo. Wapiga picha walimngojea nje ya nyumba yake California, tuzo ikaenda kwa Mario Vargas Llosa wa Peru. Alisimulia baadaye kwamba waandishi wa habari walihuzunika kuliko yeye, ikabidi mkewe wa wakati huo, Njeeri, awape kahawa. Mwaka 2021 tuzo ilikuja Afrika Mashariki, lakini kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Na kwa marehemu mlango umefungwa: Mswidi Erik Axel Karlfeldt alipewa ya fasihi mwaka 1931 akiwa ameshakufa, ila tangu 1974 kanuni zinasema asiyekuwa hai hapewi, labda afe baada ya jina lake kutangazwa.