Trekta Moja, Miendo Miwili: Mtaro na Kisiki

Chukua trekta ndogo ya nguvu za farasi 20 na uiambie ichimbe mtaro wa bomba wenye upana wa sentimita 10 na kina cha sentimita 60. Kila mita ya mtaro huo ina udongo wa karibu kilo 100. Trekta nyingi za ukubwa huu, hata zikiwa kwenye gia ya chini kabisa, hutembea kama kilomita moja na nusu kwa saa, yaani mita 25 kwa dakika. Piga hesabu: mnyororo wenye meno uliofungwa nyuma yake ungetakiwa kutoa tani mbili na nusu za udongo kila dakika. Hauwezi. Ama injini itazima, ama mnyororo utakatika. Udongo mgumu unataka mita moja au mbili kwa dakika, basi.

Hapo ndipo mafundi wengi wanaojiundia mashine ya mitaro hukwama. Wanahangaika na meno, na chuma, na uchomeleaji, kumbe tatizo lao kubwa ni mwendo wa trekta yenyewe. Trekta zenye usukumaji wa mafuta ya haidroliki, ambazo dereva anaweza kuzitambaza kwa kukanyaga pedali kidogo tu, hazina shida hiyo. Kwa trekta ya gia za kawaida, njia nafuu ni kuiweka huru kabisa na kuivuta kwa winchi: waya unafungwa kwenye nguzo imara iliyo mbele, winchi inauvuta polepole, na injini inabaki na kazi moja tu ya kuzungusha mnyororo.

Wazo la kuchimba mitaro kwa mashine lina historia nzuri. Mitambo ya kuchimba mitaro kwa mvuke ilikuwapo Marekani tangu karne ya 19. James B. Hill wa jimbo la Ohio aliunda wake katika miaka ya 1890, ukasaidia kukausha vinamasi vikawa mashamba. Lakini hayo yalikuwa majitu. Mashine ndogo ilitoka katika karakana ya familia mjini Perry, Oklahoma. Ed Malzahn aliwaona mafundi bomba wakichimba kwa sururu na koleo mitaro ya kupeleka huduma majumbani, akaona kazi hiyo inafaa kufanywa na mashine. Kufikia mwaka 1949 alikuwa ametengeneza mtambo mdogo wenye msururu wa vikombe vya makucha. Ndio uliozaa mashine za Ditch Witch. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu lina uzito kwa fundi wa Gikomba jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam: mashine hii ilizaliwa mahali panapofanana na pale anapofanyia kazi, mikononi mwa watu wa kuchomelea vyuma.

Sasa tuingie kwenye gia. Nyuma ya trekta kuna shafti ya PTO, inayopeleka nguvu za injini kwenye mashine iliyofungwa nyuma, ambayo kwa kiwango cha kimataifa huzunguka mara 540 kwa dakika. Ile ya kawaida ina meno sita na kipenyo cha milimita 35. Nguvu za farasi 20 ni takriban kilowati 15, na kwa mwendo huo zinatoa nguvu ya kusokota ya kama njutoni-mita 265. Kanuni ni moja na haikwepeki: ukipunguza mwendo mara nne, nguvu ya kusokota inaongezeka mara nne; ukiongeza mwendo mara nne, nguvu hiyo inabaki robo.

Kwa mtaro tunataka mwendo upungue, na hapa difu ya gari bovu ni mali. Ikiwa uwiano wake ni nne kwa moja, na gia ndogo za ndani zimechomelewa zisizunguke zenyewe, mizunguko 540 inaingia kwenye pinioni na 135 inatoka kwenye ekseli. Funga hapo sproketi yenye nusu kipenyo cha sentimita 10. Mnyororo utakimbia karibu mita 1.4 kwa sekunde na kuvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja. Meno yapangwe kwa kupishana, moja kushoto na moja kulia, ili mtaro uwe mpana kuliko mnyororo. La sivyo utabanwa na udongo wake mwenyewe.

Nguvu ya tani moja ikikuta jiwe lisilosogea, lazima kitu kivunjike. Fundi mwerevu huchagua mwenyewe kitakachovunjika: bolti moja ya chuma laini, ya bei ndogo, iliyowekwa kati ya shafti na difu ili ikatike kabla gia hazijaumia. Mtu anayechoka kuibadilisha na kuweka bolti ngumu amehamishia uvunjifu kwenye giaboksi ya trekta.

Kisiki kinataka kinyume cha haya yote. Trekta inasimama, na sahani nene ya chuma yenye meno pembeni inapitishwa kushoto na kulia, ikikwangua mbao kidogo kidogo. Kinachotakiwa ni mwendo mkubwa. Wapo wanaofikiria kuigeuza difu ile ile, waingizie nguvu kwenye ekseli na kuitoa kwenye pinioni, wapate mizunguko 2,160. Siwashauri. Sahani ya kipenyo cha sentimita 60 kwa kasi hiyo ina meno yanayokwenda mita 68 kwa sekunde. Puli na mikanda zinafaa zaidi: zinaupandisha mwendo hadi mizunguko 1,000 hivi, na sahani ikikwama, mkanda unateleza.

Hata kwa mizunguko 1,000, sahani hiyo ikiwa na kilo 60 inabeba nishati ya takriban jouli 14,800, sawa na kilo hizo hizo zikianguka kutoka urefu wa mita 25. Nishati hiyo ndiyo inayoipa injini ndogo ubavu wa kukata mkaratusi, kwa kuwa kila jino linapouma mbao, uzito unaozunguka ndio unaolipa kwanza, injini inafidia baadaye. Na ndiyo inayoua. Ukizima trekta, sahani haisimami. Ikizunguka bila mizani, itakula beringi.

Meno ya chuma cha kawaida hayadumu, maana mizizi imejaa mchanga na kokoto. Kinachodumu ni tungsteni kabaidi iliyoshikanishwa kwa kobalti, iliyovumbuliwa na Karl Schröter katika kampuni ya Osram nchini Ujerumani mwaka 1923, wakati kiwanda kikitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya almasi katika kuvutia nyuzi za taa. Ni ngumu mno, lakini inavunjika upesi. Ikipashwa moto hutanuka karibu nusu tu ya chuma kinavyotanuka, kwa hiyo ukiichomelea kwa umeme kama unavyochomelea geti, inapopoa hupasuka. Hulehemiwa kwa shaba au fedha, na kupozwa taratibu. Na kwa mizunguko 1,000, jino liking'oka linaruka kwa mita 31 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Kwa hiyo fremu, puli na sahani fundi anaweza kujitengenezea. Meno na vishikio vyake anunue.

Nimeiacha hatari ya shafti ya PTO mwisho kwa sababu ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote. Shafti inazunguka mara tisa kila sekunde. Kiungo chake chenye upana wa sentimita 10 kikinasa ncha ya kanga, shuka au koti, kinakunja zaidi ya mita mbili na nusu za nguo kwa sekunde moja, na hakuna mkono unaowahi kujinasua.

Kwa hiyo, fundi mwenye trekta ndogo, anza na mtaro. Uliza kwanza panapopita mabomba na nyaya, tengeneza winchi, weka bolti laini. Kisiki kisubiri hadi sahani iwe imefunikwa kwa kava la chuma pande zote isipokuwa ule unaokata. Na kabla hujawasha injini kwa mara ya kwanza, shafti iwe imevikwa kinga yake kutoka mwanzo hadi mwisho.