Udenda Usiokoma: Mionzi Husaidia Lini?

Mtu mzima mwenye afya hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, na hayatambui kwa sababu huyameza bila kufikiria. Udenda unapoanza kumtiririka mzee wa nyumbani hadi shati linalowa, wengi husema mate yamezidi. Mara nyingi kiasi cha mate ni kilekile. Kilichopungua ni uwezo wa kumeza. Hutokea kwa wenye ugonjwa wa Parkinson, waliopata kiharusi, wenye mtindio wa ubongo, na wenye ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli ya mwili polepole. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, hasa klozapini, nazo huleta udenda mwingi.

Ngozi ya kidevu huchubuka. Mgonjwa hupaliwa usiku, na mate yakiingia mapafuni yanaweza kuleta nimonia. Halafu kuna aibu: mtu anaacha kwenda kanisani, msikitini au barazani, na jamaa wanaanza kumficha. Huu ni ugonjwa wenye matibabu, kwa hivyo asifichwe.

Safari ya matibabu haianzi kwenye mionzi. Daktari au afisa wa kliniki kwanza hutafuta chanzo na kupitia dawa anazotumia mgonjwa. Usimwachishe dawa bila ushauri wao. Kukaa wima, kutunza meno na mazoezi ya kumeza husaidia wengine. Kuna dawa za kupunguza mate, kama matone ya atropini chini ya ulimi au vidonge vya amitriptilini, ingawa kwa wazee zinaweza kuleta choo kigumu, kuziba mkojo au kuchanganyikiwa. Kuna pia sindano ya botulinamu kwenye tezi za mate, ambayo nguvu yake hudumu takriban miezi mitatu hadi minne, kisha hurudiwa.

Yote hayo yakishindikana, ndipo mionzi huzungumziwa. Mionzi huelekezwa kwenye tezi zilizo chini ya taya, ambazo hutoa sehemu kubwa ya mate mtu akiwa hali, na wakati mwingine kwenye tezi za mbele ya masikio. Hudhoofisha chembe zinazotengeneza mate. Wengi wakisikia mionzi huwaza saratani, lakini dozi hazilingani. Saratani ya kichwa na shingo kwa kawaida hupewa grei 60 hadi 70 kwa wiki kadhaa, ilhali kwa udenda mara nyingi ni grei 20 au pungufu, kwa vikao vichache tu. Lengo ni kupunguza mate. Kinywa kikikauka kabisa, meno huoza na chakula hakishuki.

Kikao chenyewe hakiumi na huchukua dakika chache. Mgonjwa hulala chali bila kusogea, mara nyingi akivaa barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa umbo la uso wake. Kwa anayepaliwa kirahisi, huko kulala chali ndiko kugumu zaidi, kwa hivyo waelezeni wahudumu mapema. Baadaye taya linaweza kuuma au kuvimba kwa siku chache, ladha ikabadilika, na mate yakawa mazito. Mgonjwa habaki na mionzi mwilini. Anaweza kumbeba mjukuu siku hiyohiyo.

Watoto na vijana hawapewi tiba hii kwa kawaida, kwa kuwa mionzi huongeza hatari ya saratani miaka mingi baadaye. Mzazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo akiambiwa mionzi ndiyo suluhisho la kwanza, atafute maoni ya daktari wa pili.

Mashine za mionzi haziko kila kaunti. Zipo katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na ile ya Moi mjini Eldoret, miongoni mwa nyingine. Anzia kituo cha afya kilicho karibu ili upate barua ya rufaa, na uulize kabla ya safari ni gharama gani bima yako italipa. Beba orodha ya dawa zote.

Udenda ukianza ghafla pamoja na uso kupinda upande mmoja, au mtoto mwenye homa akishindwa kumeza na kupumua, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.