Kabla ya Kulipa Ada ya Mafunzo ya Usaidizi wa Uuguzi

Msaidizi wa muuguzi, ajulikanaye nchini Marekani kwa kifupi cha CNA, humwogesha mgonjwa, humlisha, humgeuza kitandani asipate vidonda, hupima joto la mwili na mapigo ya moyo, na humweleza muuguzi kila badiliko analoliona. Mafunzo ya kazi hii huchukua muda mfupi, na kwa hiyo huwavutia wengi wanaoanza maisha mapya nchini humo, wakiwamo wazungumzaji wa Kiswahili. Haraka hiyo ya kupata kazi huweza pia kuwaponza. Yafuatayo ni mambo ya kuhakikisha kabla ya kutoa fedha.

Je, mafunzo yameidhinishwa?

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, na kati ya hizo saa 16 au zaidi ziwe za vitendo chini ya usimamizi wa muuguzi. Kila jimbo laweza kuongeza kiwango hicho: California hudai saa 160, na Maine saa 180. Basi mafunzo yanayotosha katika jimbo moja huenda yasitoshe katika jingine. Omba orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa kutoka kwa mamlaka ya jimbo lako. Usitosheke na cheti kilichotundikwa ukutani. Nadharia yaweza kufundishwa kwa intaneti katika baadhi ya majimbo, lakini anayekuuzia kozi nzima isiyo na vitendo anakuuzia karatasi isiyo na thamani.

Nani anapaswa kulipa?

Ikiwa siku ya kuanza mafunzo umekwisha kuajiriwa, au umepewa ahadi ya kazi, na makao ya wazee na wagonjwa yaliyomo katika mipango ya Medicare au Medicaid, hupaswi kutozwa ada ya mafunzo, ya mtihani wala ya vitabu. Ikiwa ulijilipia mwenyewe, kisha ukaajiriwa na makao ya aina hiyo ndani ya miezi 12 baada ya kuhitimu, jimbo lina wajibu wa kuhakikisha unarudishiwa gharama hizo kwa kadiri ya muda unaofanya kazi. Kwa sababu hiyo, tunza kila stakabadhi. Mkataba unaokudai fedha endapo utaacha kazi usiutie sahihi kabla ya kuusoma pamoja na mtu anayeielewa lugha yake.

Mtihani ukoje?

Mtihani una sehemu mbili: maswali na vitendo. Katika maswali, una haki ya kuchagua kuandika au kusomewa. Haki hii humfaa asikiaye Kiingereza vizuri kuliko anavyokisoma. Vitendo huteuliwa kwa bahati nasibu, hivyo jizoeze vyote. Ukishindwa, usikate tamaa: sheria inakuhakikishia angalau nafasi tatu.

Jina lako katika rejista

Ukifaulu, jina lako huingizwa katika rejista ya jimbo, ambayo mwajiri huikagua kabla ya kukuajiri. Ukipitisha miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi hii kwa malipo, itakubidi ufunzwe na kutahiniwa upya. Rejista hiyo pia huandikwa matokeo ya uchunguzi wa dhuluma, uzembe au wizi dhidi ya mgonjwa, na mwenye doa hilo haajiriwi tena katika makao hayo. Ukituhumiwa, utaarifiwa kwa barua, nawe una siku 30 za kuomba kusikilizwa. Wahamapo, toa taarifa ya anwani mpya mara moja, kwani barua iliyopotea haisimamishi hesabu ya siku.

Ukitozwa fedha usizopaswa kulipa, peleka malalamiko kwa maandishi kwa mamlaka ya jimbo inayosimamia mafunzo haya. Ambatisha nakala za stakabadhi na mkataba. Nyaraka halisi zibaki mikononi mwako.