Kivuko, Valium na moyo unaokwenda mbio

Tangu MV Nyerere ipinduke karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200, wapo wakazi wa Ziwa Victoria ambao mlio wa injini ya kivuko tu unawatoa jasho. Wengine wanaishi na hofu hiyo tangu MV Bukoba izame mwaka 1996.

Tuseme kuna mama muuza dagaa wa Kirumba. Siku ya safari ya Ukerewe moyo unamwenda mbio, viganja vinalowa, pumzi haitoshi. Kapimwa presha mara tatu, haina shida. Jirani anamshauri: "Nenda duka la dawa, omba Valium."

Valium ni jina la biashara la diazepamu, na ilianza kuuzwa mwaka 1963. Inasifiwa kwa sababu inatuliza upesi, mara nyingi ndani ya saa moja, na sifa hiyohiyo ndiyo mtego wake. Ubongo huizoea baada ya wiki chache. Ukiiacha ghafla, wasiwasi hurudi na usingizi hupotea, na wengine hupata hata degedege. Ikichanganywa na gongo inaweza kudhoofisha pumzi. Mvuvi wa dagaa aliyeimeza jioni kisha akaingia mtumbwini usiku yuko hatarini zaidi kuliko alivyokuwa na hofu yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 hauipendekezi kwa wasiwasi wa muda mrefu. Inaruhusiwa kwa hali kali ya dharura tu, siku 3 hadi 7.

Fluoxetini, dawa nyingine ya wasiwasi, ina tabia tofauti. Haileti utegemezi wa namna hiyo, lakini huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha kazi, na siku za mwanzo inaweza kuleta kichefuchefu na hata kuongeza wasiwasi. Wengi huitupa wiki hiyo ya kwanza, kwa kuwa hakuna aliyewaonya. Amitriptilini nayo hutumika, ila vidonge vingi kwa mpigo huvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo haifai kurundikwa nyumbani kwa mtu aliyekata tamaa. Propranololi hupunguza mapigo na kutetemeka, lakini mwenye pumu asiiguse.

Kabla ya yote hayo, apimwe damu na rovu, aulizwe pia anakunywa vikombe vingapi vya kahawa, maana hayo nayo huweza kuupeleka moyo mbio.

Kwa hofu kama ya mama huyu, mimi ningeanza na tiba ya mazungumzo, ile ya kumrudisha mtu taratibu kwenye anachokiogopa. Wiki hii anakaa kwenye gati la Kisorya akitazama kivuko kikipakia. Akizoea, anapanda kikiwa kimefungwa gatini na kubaki humo mpaka moyo utulie wenyewe. Kisha anavuka na dada yake hadi Rugezi, upande wa Ukerewe. Akinywa diazepamu kabla ya kila safari, ubongo utajifunza kwamba kidonge ndicho kilichomvusha. (Kukataa kivuko kilichojaa kupita kiasi si ugonjwa. MV Nyerere iliruhusiwa abiria 101.) Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea msafiri wa Sengerema adha ya maji, lakini hofu inayokwepwa haipungui, na kwenda Ukerewe bado ni kwa kivuko.

Nani atamfanyia tiba hiyo? Hospitali ya Bugando wapo mabingwa wa afya ya akili, lakini si wengi kwa kanda nzima. Zimbabwe walikabili uhaba huohuo tangu mwaka 2006, pale Dakta Dixon Chibanda alipowafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia watu kupanga matatizo yao. Washona wa huko huita hali ya kulemewa na matatizo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema mawazo yamemzidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliokaa kwenye mabenchi hayo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Na aliyekwisha kumeza diazepamu miezi mingi asiitupe ziwani leo. Ipunguzwe kidogo kidogo, kwa wiki nyingi, daktari akijua.