Nguo Ipi, Jora Lipi: Kupanga Taarifa za Bidhaa na Uzalishaji katika Programu za Karakana za Ushonaji

Karakana za ushonaji, hasa zile zinazoshona sare za shule na za kazini, zimeanza kuacha daftari la oda na kutumia programu za kompyuta au za simu zinazosimamia mitindo, vitambaa, mafundi na mauzo. Wauzaji wa programu hizo huzisifia kwa kasi na kwa ripoti zenye michoro ya kupendeza. Sisi, kwa wajibu wetu wa kumlinda mlaji, tunaziuliza swali jingine: siku nguo iliyokwisha kuuzwa itakapobainika kuwa na kasoro, je, programu itaweza kusema ni nguo zipi hasa, zilikatwa kutoka jora lipi, na ziko mikononi mwa nani?

Swali hili linawahusu walaji wawili. Wa kwanza ni mwenye karakana, ambaye mbele ya muuza programu naye ni mteja mwenye haki zake. Wa pili ni mzazi aliyenunua sketi ya shule na kukuta imechuja rangi juu ya shati jeupe katika ufuaji wa kwanza.

Tuchukue sketi hiyo iwe mfano wetu. Tuseme karakana ilipokea oda ya sketi 420 za bluu iliyokoza. Ilinunua majora sita, yakatoa sketi 280; kitambaa kilipopungua ikanunua majora matatu mengine kwa muuzaji yuleyule, yakatoa sketi 140. Kwa macho, vitambaa vyote ni kimoja. Lakini kiwandani, majora ya rangi moja huweza kutiwa rangi kwa mikupuo tofauti, na mkupuo mmoja ukashika rangi vizuri ilhali mwingine ukachuja. Malalamiko yanapoanza kuja, karakana iliyoandika katika programu yake “sketi bluu, 420” haina njia ya kutenganisha. Itazirudisha zote 420 kwa hasara, au itakaa kimya na kuwaachia wazazi hasara hiyo. Karakana iliyoandika jora lililotumika kwa kila mkato itarudisha 140 tu, na itajua ya kumdai muuzaji wa kitambaa ikiwa na ushahidi mkononi.

Tofauti kati ya karakana hizi mbili haitokani na bei ya programu. Inatokana na jambo moja ambalo wengi hulipuuza siku ya kwanza ya kuingiza taarifa: kutenganisha taarifa za bidhaa na taarifa za uzalishaji, kisha kuziunganisha kwa namba.

Taarifa za bidhaa hueleza nguo jinsi inavyokusudiwa kuwa, hata kabla haijashonwa: namba ya mtindo, picha yake, aina ya kitambaa na asilimia za nyuzi zake, vifungo na zipu vinavyohitajika, vipimo vya kila saizi, na maelekezo ya ufuaji. Hizi huandikwa mara moja. Taarifa za uzalishaji hueleza kilichotokea kweli: toleo namba fulani la mtindo huo lilikatwa tarehe gani, kutoka majora yapi yaliyonunuliwa kwa risiti ipi, nguo ngapi zilikatwa kwa kila saizi, ngapi zilikamilika, ngapi zilikataliwa na kwa sababu gani, nani alizishona, na zilipelekwa wapi. Hizi huandikwa upya kwa kila toleo, na haifai kunakili ya zamani na kubadilisha tarehe peke yake. Katika mfano wetu, sketi zile ni mtindo mmoja lakini ni matoleo mawili, hata kama mteja ni mmoja na oda ni moja.

Kosa linalofanana na hilo hutokea mtindo unapobadilishwa. Zipu ya chuma imeadimika, karakana inatumia ya plastiki, na mhudumu anafungua ukurasa wa mtindo na kufuta “chuma” akaandika “plastiki”. Kuanzia dakika hiyo, programu inashuhudia kwamba sketi zote zilizowahi kushonwa zina zipu ya plastiki. Programu nzuri huhifadhi marekebisho kwa namba, la kwanza, la pili na kuendelea, na kila toleo hubaki limefungamana na marekebisho yaliyokuwepo wakati lilipokatwa. Programu isiyoweza kufanya hivyo inaweza kuwa nzuri kwa kuhesabu mauzo, lakini hatuishauri kwa kazi hii.

Majina nayo yana matata yake. Mhudumu mmoja huandika “bluu”, mwingine “buluu”, wa tatu “blu”, wa nne “nevi”, na programu, kwa kuwa haina macho, huziona rangi nne. Mitindo 12 yenye saizi 8 na rangi 3 tayari ni mistari 288. Ukiongeza tahajia nne za kila rangi, hesabu ya stoo haitakaa ilingane na kilichopo rafuni. Dawa yake ni kuweka orodha ya rangi na saizi ambayo mhudumu huchagua badala ya kuandika, na kumpa mtu mmoja tu mamlaka ya kuongeza jina jipya. Namba ya mtindo iwe fupi na isibebeshwe maana nyingi. Ile inayotaja rangi, mwaka, mteja na kitambaa kwa pamoja huanza kusema uongo mara kimojawapo kinapobadilika.

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya viwanda vikubwa vya ng’ambo. Huko ng’ambo yamekwisha kuonekana kuwa mambo ya uhai na kifo. Nchini Marekani, mamlaka ya usalama wa bidhaa za walaji ilitoa mwongozo mwaka 1996 dhidi ya kamba zinazopitishwa kwenye kofia na shingo za nguo za juu za watoto, baada ya watoto kunyongwa na kamba zilizonasa kwenye vifaa vya michezo. Mwaka 2011 ikaziweka nguo za watoto zenye kamba za namna hiyo katika kundi la bidhaa zenye hatari kubwa. Tangazo la kurudisha nguo kama hizo hutaja mtindo, rangi, saizi na kipindi ambacho ziliuzwa. Mtengenezaji asiye na taarifa hizo hana la kuwaambia wazazi zaidi ya “angalieni nguo zenu”.

Kutojua nguo imeshonwa wapi kuna uzito wake pia. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, huko Savar karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka likiwa na viwanda kadhaa vya nguo na kuua watu zaidi ya 1,100. Katika siku zilizofuata, watetezi wa wafanyakazi walipekua kifusi wakitafuta lebo na karatasi za oda ili kujua ni kampuni zipi zilizokuwa zikishonewa humo. Kwa hiyo karakana inayogawa kazi kwa mafundi wa nje isiache nafasi ya “mahali ilipošonwa” ikiwa tupu kwa kuwa tu oda ilikuwa ya haraka.

Hapa tunaomba msomaji asichanganywe na msimbo milia. Ule wa kawaida wenye tarakimu 13 hutambulisha aina ya bidhaa, pengine na saizi na rangi yake. Hausemi nguo imetoka katika toleo lipi. Tena, tarakimu 620 zilizo mwanzoni huonyesha kwamba namba ilitolewa Tanzania, wala hazithibitishi kwamba nguo imeshonwa hapa. Namba ya toleo ni lazima ichapwe peke yake kwenye lebo. Mhuri mdogo wa wino usiofutika kwa maji unatosha.

Kabla ya kulipia programu, mwenye karakana asome mkataba kwa makini hasa sehemu inayohusu mwisho wake. Je, malipo ya mwezi yakichelewa, taarifa zitafungwa au zitafutwa, na baada ya siku ngapi? Je, zinaweza kutolewa zote katika jedwali linalofunguka kwenye kompyuta yoyote, pamoja na uhusiano kati ya mtindo na toleo? Programu nyingine hutoa orodha ya mitindo na orodha ya matoleo kila moja mbali, bila namba inayoziunganisha, na hapo mteja amepewa karatasi, si kumbukumbu. Tunashauri jambo hili lijaribiwe katika kipindi cha majaribio: ingiza mtindo mmoja na matoleo mawili, zitoe nje, kisha uone kama mtu asiye na programu hiyo anaweza kusema jora lipi lilitoa nguo ipi. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Vipimo vya mwili vya mteja, jina lake na namba yake ya simu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu hata zikiwa ndani ya programu ya fundi. Ziwekwe mbali na taarifa za mtindo, zifunguliwe kwa nywila na wale tu wanaozihitaji, wala zisitumiwe kwa matangazo ambayo mteja hakuyaridhia.

Kwa mzazi na mnunuzi yeyote: unapopokea sare, tafuta kwenye lebo jina la mtengenezaji, aina ya nyuzi, saizi, maelekezo ya ufuaji na namba ya toleo. Usiikate lebo hiyo kabla nguo haijafuliwa mara kadhaa, na hifadhi risiti. Ukija kulalamika, njoo na nguo yenyewe, lebo ikiwa bado imeshonwa mahali pake. Namba iliyo juu yake ndiyo tutakayompelekea mtengenezaji kwanza, tukimtaka aonyeshe ni nguo ngapi nyingine zilitoka katika toleo hilo na zilipelekwa shule zipi.