Kazi ya Kutafiti Wasikilizaji wa Redio: Inafaa kwa Vijana Wetu?



Baadhi ya wazazi wa Unguja na Pemba wanataka kujua kuhusu kazi ya kutafiti wanaosikiliza redio na kutazama televisheni. Je, ni kazi ya kweli, na chumo lake ni halali?

Ni kazi ya kweli. Mtafiti huwauliza watu wanasikiliza nini, saa ngapi, na kama waliyoyasikia yamewabadilisha. Kwa majibu hayo huamuliwa kipindi gani kibaki, na tangazo la chanjo lipitie wapi. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa kuigiza Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kituo cha Dodoma hakikuurusha mpaka 1995, basi watafiti, akiwemo Ramadhan Swalehe na Mmarekani Everett Rogers, wakawalinganisha watu wa Dodoma na wa sehemu zilizousikia. Sisi tuna maneno yetu juu ya baadhi ya yaliyohimizwa mle, lakini kipimo kilikuwa cha uadilifu.

Wengine hufika mbali. Mwingereza Graham Mytton alianza kwa kuvitafiti vyombo vya habari vya Tanzania, akaenda Zambia kuwatafiti wasikilizaji wa huko, kisha akaongoza utafiti wa namna hiyo BBC. Mwongozo wake wa kazi hii ulitoka 1999. Lakini wengi huanzia chini: mdadisi mwenye madodoso mkononi, analipwa kwa siku, na utafiti ukiisha anarudi nyumbani kungoja mwingine. Mzazi alijue hilo mapema.

Sasa mfikirie mdadisi huyo ametumwa Igalula, wilaya ya Uyui, kituo cha reli ya kati unachokipita kabla ya Tabora mjini ukitokea Dodoma. Nchi hiyo si ngeni kwetu; misafara ya wazee wetu wa pwani ilikuwa ikienda Tabora kwa miguu. Nyumba ya kuhojiwa imechaguliwa kwa kura, na ndani ya nyumba mtu naye amechaguliwa kwa kura. Kura imemwangukia mama aliyeko shamba. Mdadisi amngoje mpaka jioni, au amhoji mwenye duka pale kituoni, au akae chini ya mwembe ajaze mwenyewe? Hili la mwisho ni ushahidi wa uongo, na malipo yake hayamhalalikii. Yule mama atahesabiwa kuwa amesema asiyoyasema, na kipindi anachokitegemea huenda kikaondolewa kwa karatasi hiyo. Surat Al-Hujuraat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua.

Na je, kuuliza mambo ya majumbani mwa watu si upelelezi uliokatazwa katika aya ya 12 ya sura hiyo hiyo? Hapana, maadamu mtu ameelezwa lengo, ameridhia, ana haki ya kukataa, na siri yake inahifadhiwa. Tanzania pia ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Akitoka hapo akaenda kuhadithia barazani, ameingia katika haramu.

Kijana aulize pia nani anayelipa. Kuhesabu wasikilizaji ili kampuni ya kamari ijue saa nzuri ya kutangaza ni kusaidiana katika dhambi, na kamari siku hizi imejaa redioni.

Ama mabinti, wanahitajika sana, kwani mwanamke aliye peke yake nyumbani hamkaribishi mwanamme ajnabi, na inavyotakiwa ni hivyo. Aombe kupangiwa karibu na nyumbani. Safari ya Tabora asiende bila maharimu wake.

Na Allaah Anajua zaidi.